Hongera Niliyompa Mwalimu

Mpaka leo mtu akiniambia anaacha kazi, simpongezi haraka. Wenzangu wanarukia neno: hongera, hongera sana, kila la heri. Mimi namwangalia miguu kwanza, nione kama kweli inataka kuondoka.

Tulikuwa watatu katika ofisi ile ya Mabatini. Chini palikuwa na duka la vipuri vya pikipiki, juu tulikuwa sisi, watengeneza mifumo ya kompyuta, na kelele zote za chini zilipanda ngazi pamoja na wateja. Alikuwepo mkurugenzi, kijana mwenye suti moja na mipango mingi. Nilikuwepo mimi, nimetoka chuoni juzi juzi, sijui hata nikae vipi kwenye kiti cha kuzunguka. Na alikuwepo Mwalimu. Hakuwa anafundisha tena. Alikuwa amefundisha hesabu sekondari miaka mingi, akajifunza programu ukubwani kwa ubishi wake mwenyewe, akaacha chaki. Sote tuliendelea kumwita Mwalimu, hata mkurugenzi aliyekuwa anamlipa mshahara.

Msije mkadhani alikuwa mzee wa busara, wa kusema kidogo na kutikisa kichwa. Thubutu! Alikuwa mbishi, ana kelele, anakula mahindi ya kuchemsha juu ya kibodi mpaka vitufe vingine vikawa vinanata. Alikuwa mtu wa Mara, wa huko ziwani, na kwake r na l zilikuwa zinapishana bila kuulizana. Alisema "plogramu", alisema "kura chakura", na haikuishia mdomoni. Programu zake aliziandika kwa majina ya Kiswahili, na zile r na l zikamfuata humo humo. Unafungua unakuta "ghalama", unashuka kidogo unakuta "mari" badala ya mali. Mimi Msukuma wa Buhongwa sina cha kumcheka mtu, maana bibi yangu hadi anafariki hakuwahi kuitamka r hata moja, lakini nilimcheka. Naye hakukasirika.

"Wewe umesoma," aliniambia, "rakini kompyuta haijari. Mradi ukosee vire vire kira mahari."

Mfumo wetu mkubwa ulikuwa wa wafanyabiashara wa dagaa. Magunia yanatoka visiwani, yanashushwa mwaloni, pale ufukweni penye soko la samaki, yanauzwa, na kila hatua mwenye mzigo anapata meseji kwenye simu yake. Mwalimu ndiye aliyeuandika tangu mwanzo. Mimi nililetwa niujue kama anavyoujua yeye. Mkurugenzi aliniambia wazi siku ya kwanza: nikiumudu mfumo ule nitathibitishwa kazini, nisipoumudu nitafute kwingine. Wakati ule sikutaka kitu kingine duniani. Nyumbani walikuwa wameshawatangazia majirani kwamba mtoto wao ni mhandisi.

Shida ilikuwa namna yake ya kufundisha. Kwanza, salamu. Humwendei Mwalimu na swali mkononi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba binti yangu. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo? Mguu wa mama umepoa?"

Mpaka mmalize ukoo mzima, ndipo aseme, "Haya, rete." Unaleta swali. Anakujibu kwa kirefu, anachora kwenye karatasi iliyofungiwa maandazi. Halafu, badala ya kukuacha uende zako, anaegemea kiti na kusema neno moja: "Nirudishie."

Maana yake, hayo niliyokwambia, nirudishie kwa maneno yako. Na si kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, kama unamweleza mama yako jikoni.

Jamani, nililichukia neno lile! Sisi tumesoma shule ambazo mwalimu anauliza "Mmeelewa?" na darasa zima linaitika "Ndiyooo!", hata yule aliyesinzia. Niliitikia ndiyo ile tangu darasa la kwanza mpaka naingia chuo kikuu, na ilinifikisha. Sasa natakiwa nifungue mdomo nieleze, na kila nikifungua, naona mwenyewe kwamba sijaelewa kitu. Nabaki natoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Naye hana haraka. Anatafuna mahindi yake, ananingoja. "Hapo umeruka," anasema. "Rudi nyuma." Wakati mwingine mkurugenzi anachungulia kuona kuna nini, nami natamani sakafu ipasuke nidondoke kwenye vipuri.

Basi nikapata njia ya mkato. Ilikuwa kwenye simu yangu na kwenye simu za vijana wote: programu ya akili mnemba, unaiuliza lolote inakujibu papo hapo. Haitaki shikamoo. Haina habari na mguu wa mama. Na juu ya yote haisemi "nirudishie". Ukiiambia umeelewa, inafurahi pamoja nawe. Nikawa nachukua kipande cha kazi ya Mwalimu, naiwekea, inanieleza kwa Kiingereza kizuri na kunipa marekebisho juu. Nayabandika, yanakubali, nasonga mbele. Bando likikata naomba kuunganishwa na simu ya mkurugenzi. Kazi ikawa inakimbia, mkurugenzi akawa ananisifia mbele ya wateja, na kichwa changu kikavimba.

Sikuacha kumsalimia Mwalimu, la hasha. Nilimsalimia vizuri kila asubuhi, nikapokea marahaba yangu, nikakaa, nikaziba masikio kwa muziki.

"Binti," aliniambia siku moja, "siku hizi huna maswari."

"Nimeelewa Mwalimu."

Aliniangalia. Nilidhani ataniambia nimrudishie, nikaanza kutafuta pa kuanzia. Hakulitaja neno lile. "Basi vizuri," akasema, akageukia kompyuta yake. Nikashusha pumzi. Nilifurahi kabisa, kama mwanafunzi aliyeambiwa mtihani umeahirishwa.

Baada ya hapo akaanza kuja yeye mwenyewe mezani kwangu. Anasimama nyuma yangu, mikono mgongoni. "Hapo unafanya nini?" Nami namjibu jibu la mafundi cherehani wote wa mji huu: "Namalizia tu." Anasimama kidogo, anakohoa, anarudi kwake. Siku nyingine ananiletea hindi moja kwenye karatasi, analiweka karibu na mkono wangu. Nilikula mahindi yake yote. Sikugundua kwamba mtu mzima yule alikuwa anazunguka zunguka ofisini hana cha kufanya, na kwamba kazi yake pale ilikuwa mimi.

Siku aliyoaga ilikuwa mchana, tumetoka kula. Upepo wa ziwa ulikuwa unapigapiga dirisha, mkurugenzi anahangaika kulibana kwa karatasi. Mwalimu alisimama katikati ya chumba, akafuta mikono kwa leso.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi nimezeeka. Huyu binti ameshakomaa, kazi anaiweza. Naona niende zangu nyumbani, nikarime."

Hapa ngoja nieleze, maana ndipo kilipo kidonda changu. Kwetu mgeni akisema "jamani, mimi niende", haendi. Anasema ili umshike. Unamwambia: "Mbona mapema? Kaa kwanza, chai iko jikoni." Anakataa, unamkazania, anakaa. Anaweza kuaga mara nyingi kabla hajainuka kweli, na anayeachiwa aondoke mara ya kwanza anaelewa kwamba watu wamemchoka. Hilo halihitaji shule. Nimemwona mama yangu mzazi akificha kiatu cha shangazi chini ya kochi ili asiondoke, na shangazi akilalamika huku amefurahi mpaka meno ya nyuma yanaonekana.

Lakini pale tulikuwa ofisini, na mimi nilikuwa nimejijaza kichwani video za vijana waliofanikiwa, wale wanaofundisha namna ya kuishi kazini. Mwenzako akitangaza hatua mpya, usimrudishe nyuma. Mpongeze. Mtakie heri. Tena nikajiambia hiyo ndiyo heshima: mimi nani nimzuie mtu mzima kwenda kupumzika? Moyoni nilikuwa na neno jingine kabisa. Moyo ulisema, asiende huyu, nitabaki na nani? Neno lile lilinifika kooni, haki ya Mungu lilifika, nikalimeza.

"Hongera Mwalimu!" nikasema. "Hongera sana!"

Na nikapiga makofi. Mkurugenzi akaacha dirisha, akadakia, "Hongera mzee wetu!" naye akapiga makofi. Mwalimu alikuwa bado amesimama pale pale. Alikaa amesimama kidogo zaidi kuliko mtu aliyemaliza kusema. Alimwangalia mkurugenzi, akaniangalia mimi, akakunja leso yake vizuri.

"Asanteni," akasema. "Asanteni sana."

Tulimfanyia sherehe ndogo, soda na keki, tukampa shati la kitenge. Alilivaa hapo hapo juu ya shati lake, akatuchekesha. Mwezi haukuisha akawa amehama na mke wake, wamerudi Mara. Nami nikathibitishwa kazini. Nyumbani Buhongwa walichinja kuku, baba akaomba dua ndefu mpaka mchuzi ukapoa.

Kwa muda mambo yalikuwa mazuri. Halafu nikaanza kukutana na vitu.

Ndani ya mfumo wa dagaa kila gunia lilikuwa na siku mbili zilizoandikwa. Moja iliitwa "tarehe", nyingine iliitwa "talehe". Nilikuwa naziona siku zote, nikidhani ni zile zile r na l za Mwalimu. Sasa nilipotulia kuangalia, nikaona kumbe hazibebi kitu kimoja. Kwa magunia mengine zilifanana, kwa mengine zilipishana, na hakuna pahali palipoandikwa kwa nini. Niliiuliza akili mnemba. Ikaniambia kwa adabu zote kwamba mojawapo ni kosa la tahajia na naweza kuifuta. Nikaweka kidole tayari kufuta, kidole kikagoma. Nikaziacha zote mbili, na kila nikifungua mfumo ule naziona zimekaa hapo zinanitazama.

Mwaka huo huo nikaomba kazi katika kampuni moja ya Dar. Sikumwambia mtu. Usaili ulikuwa kwa video, nikaufanyia dukani kwa binamu yangu, kule Mkuyuni, kwa sababu pale mtandao una nguvu, nikamwomba azime redio. Niliwaonyesha mfumo wa dagaa kama kazi yangu ya kujivunia. Dada mmoja wa upande wa pili, mwenye sauti ya upole, akausogeza kwenye kioo, akasimama mahali pamoja.

"Hapa naona tarehe mbili. Hebu tuelezee kwa maneno yako, kila moja ni ya nini?"

"Ni kosa la herufi tu," nikasema.

"Mbona zinatofautiana?"

Nikajaribu kufa na tai shingoni. Nikasema maneno mengi ya Kiingereza, makubwa makubwa, na niliyasikia mwenyewe yakianguka. Yule dada alinisubiri. Hakunikatisha, hakunicheka. Alinisubiri vile vile kama mtu anayetafuna mahindi, na hapo ndipo nilipojua kwamba nimekwisha. Kazi ile sikuipata. Binamu yangu aliniangalia akawasha redio bila kuniuliza.

Roho iliniuma siku nyingi. Halafu ikageuka hasira, na hasira ikageuka safari. Nilikata shauri niende Mara nikamuulize Mwalimu jambo moja tu: talehe ni nini. Nikishalijua hilo, nilijiambia, nitarudi niupitie mfumo wote upya, mstari kwa mstari, nitampigia simu kila nikikwama, nitamsalimia, nitamrudishia. Nilikuwa nimeshaipanga shule yangu yote kichwani.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, anapukuchua mahindi kwenye beseni. Alikuwa amepungua mwili na kuwa mweusi wa jua, na alikuwa na raha. Aliruka juu aliponiona.

"Shikamoo Mwalimu!"

"Marahaba! Marahaba binti yangu! Umetoka sarama? Nyumbani hawajambo? Mguu wa mama?"

Safari hii nilijibu yote. Nilijibu habari za mguu, za baba, za mkurugenzi na suti yake, na yeye akacheka, mke wake akaniletea maji ya kunawa na kiti cha plastiki. Kisha nikatoa laptopu. Jua lilikuwa kali, kioo hakionekani, tukasogea kwenye kivuli cha ukuta. Akavaa miwani. Nikamfungulia mfumo wa dagaa, pale pale penye shida, nikampa aiweke magotini.

Alisoma. Alishuka polepole kwa kidole, kidole chenye vumbi la mahindi. Akarudi juu. Akashuka tena.

"Hii nani ameandika?" akauliza.

Nilidhani ananitania. "Ni wewe Mwalimu."

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe. Ni mfumo wa dagaa."

"Aa, wa dagaa." Akasoma tena, midomo inacheza. Halafu akacheka, kicheko cha mshangao, kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya ujana. "Huyu mtu arikuwa anajua," akasema.

Nikamwonyesha "tarehe" na "talehe". Nikamuuliza. Alifikiri kwa bidii, nilimwona, mpaka kipaji cha uso kikajikunja. "Kurikuwa na sababu," akasema. "Singeweka bure. Kurikuwa na sababu kabisa." Nikamsaidia: labda moja ni siku mzigo ulipotoka kisiwani, nyingine siku uliposhushwa mwaloni? "Inawezekana," akasema. Au moja ni ya mzigo uliolowa ukaanikwa upya? "Inawezekana hiyo nayo." Au alikosea tu herufi? Akanitazama kwa huruma. "Hata hiyo inawezekana, mama. Sikumbuki. Kitu kama hiki usipokishika kira siku kinaondoka."

Nilimng'ang'ania. Nilifungua mahali pengine, nikamuuliza lingine, na lingine, nikawa naongea haraka. Aliniacha. Kisha akaifunika laptopu kwa mikono yote miwili, taratibu, akanirudishia kama mtu anayerudisha mtoto kwa mama yake, akaniuliza kama nimekula.

Tulikula ugali wa muhogo na sato. Alinisimulia habari za viboko wanaokanyaga mahindi yake, akaiga wanavyotembea, nami nilicheka kweli kweli. Hakuwa na kinyongo hata chembe. Ningependa angekuwa nacho. Ningejua pa kushika.

Jioni ilipokaribia, mke wake alinisindikiza mpaka barabarani. Ni mama mkimya, mfupi, anayetembea haraka. Alikuwa amenifungia dagaa kwenye mfuko na amekataa niubebe mwenyewe. Tulipofika kituoni ndipo akasema, bila kuniangalia, macho yake yakiwa barabarani.

"Mimi nilimwambia hamtamwachia."

"Nani, Mama?"

"Siku ile alipokuja kuwaaga. Asubuhi nilimwambia, wewe nenda ukaage, lakini watakushika hao. Watakuambia kaa. Akasema mkurugenzi hawezi kusema, kijana yule ana mambo mengi. Lakini akasema, yule binti akiniambia nikae, nitakaa hata mwaka, kuna vitu bado sijampa."

Gari lilikuwa linaonekana kwa mbali, limewasha taa.

"Sasa jioni akarudi," akaendelea. "Nikamuuliza, wamesemaje? Akakaa kitandani, akavua viatu. Akasema, wamefurahi."

"Mama, hatukufurahi," nikasema. "Mimi sikufurahi."

"Haya mwanangu," akasema, akanipa mfuko wangu. "Panda, usije ukaachwa."

Nilipanda. Nilikaa dirishani nikamwona anageuka kurudi kwake kwa ile haraka yake. Nilitaka kumwambia dereva asimame. Nilitaka kushuka, nirudi mbio mpaka pale uani, nimwambie Mwalimu kaa, tafadhali kaa, mbona mapema. Lakini wa kuambiwa neno lile hakuwepo tena hapo. Aliyekuwepo ni baba mmoja mwenye raha zake, anapukuchua mahindi, na vile vitu alivyokuwa hajanipa, yeye mwenyewe hakuwa navyo tena.